Katikati ya Ndezi na Ngiri

Geti la pili la Hifadhi ya Rwamashonga lilikuwa bomba la chuma lenye mistari myekundu na myeupe, kibanda cha mabati, meza moja na daftari moja. Daftari lilikuwa na safu nne: Watumishi, Wageni, Mifugo Iliyokamatwa na Wanyamapori Walioonekana. Karani wa geti aliitwa Clavery, mwenyeji wa Muleba, mtu wa miaka arobaini na ushee, mwenye mwandiko mzuri aliofundishwa na masista. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kinachopita na kila kinachoonekana kinapata safu yake. Kila Jumamosi aliyaingiza yote kwenye kompyuta, ili makao makuu yajue mtandao mzima wa hifadhi za nchi una nini ndani yake.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa kumi jioni, mzee mmoja alishuka kutoka kwenye migomba iliyokuwa ndani ya hifadhi, akasimama upande wa pili wa bomba na kuuliza kama Kaisho mvua imenyesha. Alikuwa amevaa koti la suti alilozikwa nalo. Clavery alimwamkia shikamoo, akamwambia imenyesha kidogo tu, haijalowesha hata maharage. Mzee aliitikia marahaba, akajitambulisha kuwa ni Ndyamukama, mwenye kibanja kile pale juu, mji wake na migomba yake, na kwamba alifariki miaka sita iliyopita kwa ugonjwa wa kifua.

"Mke wangu hajapita hapa?" aliuliza.

"Walihamishwa wote, Ta," Clavery alimjibu kwa heshima ya Kihaya. "Mwaka juzi."

"Mimi sikuambiwa."

Ni kweli hakuambiwa. Mamlaka iliposogeza mpaka na kusimika bikoni mpya za zege, barua walipewa wakuu wa kaya walio hai, wakaweka sahihi au dole gumba, na malori yakawabeba hadi Nyakatuntu na Kibingo pamoja na milango yao na masufuria yao. Makaburi yaliwekwa kwenye awamu ya pili. Awamu ya pili ilikuwa inasubiri maelekezo, na maelekezo hayakuwa yamefika.

Ndyamukama alizikwa nyuma ya nyumba yake, katikati ya migomba, kama watu wa huku wanavyozika wafu wao wote, ili kibanja kiendelee kumjua mwenyewe. Marehemu wa namna hiyo hana pengine pa kwenda. Nyumba ilipobomolewa yeye alibaki, na kwa kuwa hakuwa na shughuli nyingine aliendelea kutoa majani makavu, kupunguza machipukizi na kutandaza nyasi. Vibanja vya jirani vilishakuwa vichaka vya nyani. Cha kwake kilikuwa safi, ungedhani kuna harusi.

Clavery alishika kalamu akafikiri. Mtu anayekutwa ndani bila kibali ni mvamizi, na mvamizi alikuwa na daftari lake jeusi kule ofisini, na daftari lile lilikuwa linasomwa na polisi. Mgeni lazima awe amelipa kiingilio. Mtumishi lazima awe na namba. Akamtazama mzee, koti lililoliwa na udongo mabegani, akamkumbuka baba yake mwenyewe aliyelala Muleba chini ya mibuni, na roho ikamuuma. Akaandika kwenye safu ya nne: mmoja. Kwenye maelezo akaongeza: dume, mzee, mpole. Aliamini amemwokoa, na usiku huo alilala vizuri.

Ijumaa ya wiki ile ile mke akafika. Habari zilikuwa zimeshatembea. Mtu anayepita getini haachi kusema alichokiona. Kokwijuka alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minane, mwenye goti moja bovu, na alikuwa ametoka Nyakatuntu tangu alfajiri kwa miguu. Alimkuta mumewe ameshafika, ameegemea bomba kwa ndani. Alipiga magoti kumsalimia, akafungua kitambaa na kumpa kahawa ya kutafuna, zile buni za kuchemshwa na majani yake ambazo mgeni wa heshima hapewi chakula kabla hajazionja. Ndyamukama akatafuna polepole.

"Umepika na nini?" akauliza.

"Na mchaichai. Ule wa kwetu sijaupata tena."

"Upo. Umeota hadi mlangoni."

Walizungumza mpaka jua lilipoelekea upande wa Rwanda: habari za binti yao Benitha anayeuza dagaa soko la Omurushaka, ndama aliyekufa, nani ameoa. Clavery alijifanya anapiga mistari kwenye daftari. Tangu siku hiyo mama alikuja kila Ijumaa, na kila siku saa kumi mzee alishuka hata kama si Ijumaa, kwa sababu mtu aliyekwisha kufa si rahisi kukumbuka siku.

Mwezi wa saba ikaja barua kutoka makao makuu. Iliipongeza Rwamashonga kwa kuwa hifadhi pekee katika mtandao iliyo na kiumbe cha aina ile, na ikaomba jina lake la kienyeji kwa ajili ya orodha ya taifa. Clavery hakujua aandike nini, akaandika jina lenyewe. Orodha ilipochapishwa na kutumwa kwenye hifadhi zote, Ndyamukama alikuwa ukurasa wa kumi na moja, katikati ya ndezi na ngiri. Mkuu wa hifadhi, Afande Placidia, aliibandika ukutani ofisini kwake.

Na yote hayo yangebaki kuwa jambo la kuchekesha, kama Kokwijuka asingekuwa na shida ya kweli. Kipande alichopewa Nyakatuntu kilikuwa kikavu, lakini ukavu aliuzoea. Tatizo ni kwamba hakikuwa na kaburi. Watu walikiita shamba, hawakukiita kibanja. Jirani wa kushoto alikuwa ameshang'oa mpaka mara mbili akaupanda ndani ya kipande cha mama, na alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba pale hajalala mtu. Goti nalo lilikuwa linazidi. Mama alitaka mifupa ya mumewe aizike pale, kisha zamu yake ikifika alazwe ubavuni mwake. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Mwezi wa tisa alikuja na karatasi zote. Barua ya mtendaji wa kijiji ilikuwepo, kibali cha kufukua kilikuwepo, muhuri wa afya ulikuwepo, barua ya paroko ilikuwepo ingawa hakuna aliyeiomba. Clavery alimsindikiza mpaka ofisini kwa Afande Placidia, mwanamke wa Bukoba, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, ambaye hakuwa na ubaya na mtu. Alizisoma karatasi moja baada ya nyingine, akampa mama kiti kizuri zaidi. Kisha akageukia orodha ukutani.

"Mama, pole sana," alisema. "Huyu ameorodheshwa. Mifupa ya kiumbe aliyeorodheshwa ni nyara za serikali. Ukikutwa nayo nje ya geti hata kilo moja, unafungwa. Na mimi niliyekuruhusu nafungwa na wewe."

"Ni mume wangu, waitu," mama alisihi. "Tulifunga ndoa Kaisho, kanisani."

"Nakuelewa. Angekuwa hajaandikwa ningekuruhusu leo hii hii, na gari ningekupa." Alimtazama Clavery bila hasira. "Nani alimwandika?"

Clavery alisema ni yeye. Mama hakugeuka kumtazama. Alikunja karatasi zake kwa mpangilio ule ule aliozileta nao, akashukuru, akatoka. Karani alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wiki nzima alihangaika na mfumo. Mfumo ulikuwa na njia tatu za kumwondoa kiumbe. Ya kwanza, Amekufa, ilitaka picha ya mzoga, na ilikataa kumpokea aliyekufa ambaye jana yake ameonekana getini. Ya pili, Amehamishwa, ilitaka hifadhi nyingine ya kumpokea. Ya tatu, Ametoweka, ilitaka miaka kumi mfululizo bila kuonekana. Clavery aliichagua hiyo ya tatu kichwani, na saa kumi ilipofika akamweleza Ndyamukama.

"Miaka kumi kwangu si kitu," alisema mzee. "Lakini yeye anakuja kila Ijumaa na goti lile. Siku akija asinione, atajua nimekufa."

Clavery alimnyooshea kiberiti ambacho mzee alikuwa amemwomba, kisha akakumbuka kanuni, akakirudisha mfukoni.

Ijumaa iliyofuata Kokwijuka alimkalia mbele ya meza.

"Umeshindwa kumtoa," alisema.

"Nimeshindwa, Ma."

"Basi niingize mimi. Niandike kwenye safu ile ile."

"Ma Kokwijuka, nikishakuandika siwezi kukufuta."

"Nimekusikia."

"Utakuwa si mtu."

"Nyakatuntu wananihesabu kama nini?"

Alimkatalia Ijumaa hiyo, na Ijumaa iliyofuata akamkatalia tena. Ijumaa ya tatu mama alikuja na jamvi, jembe, Rozari na kuku mmoja mwekundu wa kienyeji, akaketi kwenye vumbi kando ya bomba kama mtu aliyefika stendi na basi halijaja. Mvua ilianza kunyesha. Ndyamukama alisimama upande wa ndani, amevua koti lake na kulinyoosha juu ya bomba amfunike mkewe, na mikono yake ilikuwa haifiki. Clavery aliwatazama kwa nusu saa nzima. Kisha akafungua daftari, akaandika: Wanyamapori Walioonekana, wawili. Safari hii alijua anachokifanya, na ndiyo maana andiko hili linamsumbua hadi leo kuliko lile la kwanza.

Kuku hakuruhusiwa, kwa kuwa ni mfugo. Jamvi na Rozari havikuwa na safu, vikapita. Kuhusu jembe, karani alikuwa anaangalia pembeni. Mama aliinama chini ya bomba kwa shida ya goti, mumewe akamshika mkono, wakapanda taratibu kuelekea kwenye migomba. Kuku alibaki akizunguka kibanda, na jioni Clavery akamtupia punje za mahindi.

Siku hizi mifumo ya serikali inasomana. Jumatatu jina la Kokwijuka lilikuwa limeshafutika kwenye daftari la wakazi wa Nyakatuntu, na namba ya kitambulisho chake ukiiingiza ilijibu kwamba haipatikani. Kipande chake jirani alikilima chote wiki hiyo hiyo, tena bila kuvunja sheria yoyote, maana hakikuwa na mwenyewe. Mwezi wa kumi mama alipata homa, na zahanati ikasema haina faili lake, ikaelekeza suala lipelekwe kwa daktari wa wanyamapori. Daktari alikuja kutoka mkoani, akamwangalia kwa darubini akiwa ndani ya gari, akaandika kwamba manyoya hayaonekani ila anakula vizuri. Homa iliondoka yenyewe. Huko juu walikuwa wamejenga kibanda cha nyasi penye msingi wa nyumba yao ya zamani, na asubuhi moshi ulionekana kutoka getini. Clavery aliuandika kama ukungu.

Kisha ukaja waraka. Makao makuu yalikuwa na furaha kwamba sasa viumbe wale ni jozi. Lakini yalikumbusha kwamba mtandao unasimamiwa kwa uwiano, na kwamba kiumbe yeyote anayezoea watu, anayefuata magari au kuyatazama kwa muda mrefu, atahamishiwa hifadhi nyingine yenye upungufu. Iliyotajwa ilikuwa kusini kabisa mwa nchi, siku tatu kwa lori. Dume asingeweza kuhamishwa kwa sababu mbali na kaburi lake hafiki, mwisho wake ni geti. Kwa hiyo aliyebaki wa kuhamishika ni jike peke yake.

Clavery alipanda mwenyewe hadi kibanjani kuwasomea. Walimsikiliza wakiwa wamekaa kwenye jamvi, bega kwa bega. Alipomaliza, aliwapa ushauri wa mtu anayewapenda.

"Gari likija, msiangalie. Hata kama ni nani yumo ndani. Fanyeni kazi zenu."

"Hata nani?" Kokwijuka aliuliza.

"Hata nani, Ma."

Mwezi wa kumi na moja senene, wale panzi wa kuliwa, walianguka kwa wingi. Benitha alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa kitenge kipya, amebeba furushi la jani la mgomba lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani yake walikuwa senene aliowanyonyoa na kuwakaanga mwenyewe. Alimwamkia Clavery, akasema anataka kumpelekea mama yake. Clavery akamwonyesha ubao uliokuwa juu ya kibanda: Usilishe Wanyama.

"Lakini na senene ni wanyama," Benitha alisema. "Wametoka humo humo."

Hilo lilikuwa kweli. Ndani ya bomba senene walikuwa wanyamapori na nje ya bomba walikuwa kitoweo, na hapakuwa na waraka wa kuwarudisha ndani wakiwa wamekaangwa. Makao makuu yalikuwa yamefunga kamera juu ya nguzo mwezi ule, kwa hiyo hata kuangalia pembeni kulikuwa kumekwisha. Benitha aliliweka furushi mezani. Akauliza basi yeye kuingia inakuwaje. Karani akamwambia anaweza kuingia kama mgeni, kwa gari la hifadhi, bila kushuka. Akakubali, akalipa, akaandikwa kwenye safu ya pili.

Gari liliendeshwa na Twesigye, askari wa uhifadhi, mtoto wa wafugaji. Ng'ombe wa baba yake walishaingia kwenye safu ya tatu na hakuwahi kulizungumzia. Clavery alikaa nyuma na mgeni. Walipanda hadi mita mia mbili kutoka kibanjani, umbali unaoruhusiwa, na Twesigye akazima injini. Aliitoa darubini kwenye mkoba wake akampa Benitha, akamwelekeza kwa sauti ya chini iliyozoeleka kwenye kazi ile.

"Kushoto kwa mgomba ulioinama. Yule ni jike. Dume yuko nyuma yake anakata majani."

Benitha alitazama. Mama yake alikuwa amechuchumaa anapalilia maharage, na goti bovu amelinyoosha pembeni kama alivyozoea. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefifia rangi. Gari lilikaa pale robo saa, na kwa robo saa nzima Kokwijuka hakuinua kichwa. Alimaliza mstari wa kwanza, akahamia wa pili. Palipokuwa hapana magugu alipalilia hivyo hivyo, na mashina mawili ya maharage mazima yakang'oka mkononi mwake, akayashikilia.

"Hajaniona," Benitha alisema.

Clavery alitaka kumwambia ukweli, kwamba mama yake amemwona tangu gari liko bondeni. Lakini mbele alikuwepo askari, na sheria ilikuwa wazi, na safari zote mbili alizowahi kumsaidia mtu wa familia hiyo alikuwa amemwangamiza.

"Wanyama wa huku hawajali magari," alisema.

Benitha akamrudishia Twesigye darubini. Njiani hakulia. Aliuliza tu kama huko juu kuna baridi asubuhi, na kama mama ana blanketi, akajibiwa kwamba baridi ipo. Getini alishuka, akamtazama kuku mwekundu aliyekuwa anaparua chini ya meza, akamtambua, akamwacha. Mfumo ulidai maoni ya mgeni kabla ya kufunga safari: Nzuri Sana, Nzuri, au Wastani. Clavery alimsomea.

"Andika unavyojua," Benitha alisema, akashika njia ya Kaisho. Furushi alilisahau mezani, au alikusudia.

Saa kumi jioni Ndyamukama alishuka. Alisimama mahali pake, akauliza habari za mvua. Kisha akanusa.

"Hao ni senene?"

"Ndiyo, Ta."

"Wa Benitha?"

"Ndiyo."

Mzee alilitazama furushi, akaitazama na kamera juu ya nguzo. Hakuomba. Alishika bomba kwa mikono miwili, vidole vyenye udongo.

"Mke wangu amekaa na mgongo ukutani tangu gari liondoke," alisema. "Nikamwambia nitamletea habari. Sasa kula wewe."

"Mimi?"

"Wewe unaruhusiwa. Kula nikuone, nikamweleze."

Clavery alifungua kamba ya mgomba. Alikula mmoja, kisha wa pili, kisha konzi nzima, amesimama, na marehemu anamtazama mdomo bila kupepesa. Walikuwa wamekauka vizuri.

"Wamekaangwa na kitunguu?"

"Na kitunguu, Ta."

"Na chumvi?"

Clavery alifikiri, kwa sababu jibu hili alitaka liwe sahihi.

"Imezidi kidogo."

Ndyamukama akaitikia kwa kichwa polepole, mara mbili. "Huyo ndiye mwenyewe," alisema. "Tangu mdogo anazidisha chumvi." Akageuka akaanza kupanda kilima kwenda kumwambia mkewe, na Clavery, mikono yake ikiwa bado na mafuta, akavuta daftari akaandika safu ya nne: wawili.